Kikohozi cha mtoto kilichoanzia darini: ziba bati kwanza, rangi baadaye

Kila masika, nyumbani kwa dada yangu Sinza, vitu vitatu hutoka stoo kwa pamoja: ndoo nyekundu, beseni la kufulia na chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto. Ndoo hukaa koridoni, beseni chumbani kwa watoto kwenye kona ya dirisha, dawa juu ya friji. Kwa miaka miwili hakuna aliyeviunganisha vitu hivyo vitatu. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika habari za afya, nilikuwa nikiruka ile ndoo kwenda jikoni kupakua chakula.

Mtoto mwenyewe ana miaka minne. Mchana ungemwona ungesema hana tatizo. Shida ilikuwa usiku, kuanzia saa nane hivi: kikohozi kikavu, kisichotoa kitu, na kifua kinachopiga filimbi kila anapotoa pumzi. Alishapewa antibiotiki zaidi ya mara moja. Alishapakwa mafuta ya mikaratusi na bibi yake. Mvua zikiisha, naye anatulia, na sisi tunasahau mpaka vuli.

Mwaka huu, mwezi wa tano, daktari wa watoto aliyemwona alianza kwa kuuliza maswali ambayo hatukuyatarajia. Analala chumba gani? Kitanda kimegusa ukuta? Kuna sehemu nyeusi au yenye harufu ya uvundo? Dada akajibu kwamba kuna doa kwenye dari na ukutani, lakini lisiwape wasiwasi, wameshalipaka rangi. Daktari akauliza limepakwa mara ngapi. Mara tatu, dada akasema, na nadhani hapo ndipo naye alipojisikia.

Tulitoka na pampu ya kuvuta ya pumu, na agizo lisiloandikwa kwenye cheti: mtoto ahame chumba kile, na maji yazuiwe yanakoanzia.

Vuli zinakaribia. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanaishi kwenye nyumba zilizoezekwa miaka mingi iliyopita, za kwao au za kupanga, na wengi wana doa la namna hiyo mahali fulani. Kwa hiyo wiki hii nawaandikia habari za misumari ya bati na silikoni, ingawa ukurasa ni wa afya.

Maji yakikaa siku mbili

Ukungu, au fangasi wa ukutani kama wengi tunavyouita, hauhitaji mambo makubwa. Mbegu zake ndogo zipo hewani kila siku, ndani na nje. Kinachokosekana ni maji tu. Mbao, karatasi inayofunika jipsam, vumbi lililoshikana na rangi ukutani, godoro, mapazia, vyote kwake ni chakula. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida ukungu hauwahi kuota. Kikiachwa mpaka wikiendi ambapo baba atakuwa nyumbani, umeshaanza.

Ukiota, hutoa chembechembe zinazoelea hewani na kuvutwa na wanaolala humo. Kwenye njia ya hewa ya mtoto mwenye mzio au pumu, chembe hizo husababisha uvimbe, ute na kubana. Unyevu huohuo huwanufaisha pia wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito, ambao nao ni chanzo kinachojulikana cha kuchokoza pumu.

Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi, lilihitimisha kuwa watu wanaoishi kwenye majengo yenye unyevu au ukungu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya njia ya hewa, maambukizi ya kifua na kuzidiwa na pumu. Kilichonivutia ni kwamba mwongozo huo haukuweka kiwango cha ukungu kinachoweza kuitwa salama. Ushauri wake ni kuzuia unyevu wenyewe, na ukishaingia, kuutoa.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mzazi mwenye kopo la rangi mkononi angepaswa kukijua. Awaab Ishak alikuwa mtoto wa wazazi kutoka Sudan, wakiishi kwenye nyumba ya kupanga ya chumba kimoja huko Rochdale, Uingereza. Baba yake aliripoti ukungu ukutani mwaka 2017, kabla mtoto hajazaliwa, akaambiwa apake rangi. Akapaka. Ukarudi. Awaab alifariki Desemba 2020, akiwa ametimiza miaka miwili siku chache tu kabla. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba alifariki kwa ugonjwa mkali wa mfumo wa hewa uliotokana na kukaa muda mrefu kwenye ukungu. Kwenye nyumba yao tatizo kubwa lilikuwa hewa isiyotoka, si bati, lakini ushauri waliopewa ni uleule tunaopeana huku: paka rangi. Uingereza sasa ina sheria inayojulikana kwa jina la mtoto huyo. Kuanzia Oktoba 2025, wenye nyumba za kijamii wanatakiwa kuchunguza unyevu na ukungu hatarishi ndani ya siku 10 za kazi, na hali ya dharura ndani ya saa 24.

Kisa cha Awaab hakimaanishi kila doa linaua mtoto. Nakieleza kwa sababu ya ile rangi.

Doa halikai chini ya tundu

Hili ndilo lililotupotezea muda zaidi. Shemeji alikuwa ameshapanda darini mara mbili na tochi, akaangalia bati lililo juu ya doa, akalikuta zima, akashuka. Fundi wa kwanza naye akafanya hivyohivyo, akapaka lami pale juu ya kona, akalipwa, akaondoka. Mvua iliyofuata, beseni likajaa kama kawaida.

Maji yakipenya kwenye bati hayadondoki papo hapo. Hushika upande wa chini wa bati au mbao, yakateremka na mteremko wa paa, yakafika kwenye papi, yakafuata papi mpaka kwenye kenchi, na kudondokea pale yanapokuta kizuizi au mbao inapoishia. Kwa hiyo tundu karibu kila mara liko juu zaidi ya doa, kuelekea kwenye kofia ya paa. Linaweza kuwa umbali wa hatua kadhaa.

Fundi wa pili, mzee wa makamo ambaye shemeji alielekezwa na jirani, hakupanda juu kwanza. Aliingia darini mchana wa jua kali, akamwambia shemeji afunge mlango wa dari na azime tochi. Kwenye giza, kila tundu la bati huonekana kama nyota. Aliyahesabu akiwa amechuchumaa, akapitisha kipande cha waya kwenye kila tundu ili akipanda juu aone waya zimejitokeza wapi.

Zilitokea nne zimekaa kwa umbo la mraba, karibu na kofia. Dada ndiye aliyekumbuka. Miaka miwili iliyopita walibadilisha king'amuzi, na mtu aliyekuja kufunga dishi jipya aling'oa la zamani na mguu wake, akaacha matundu manne ya boliti wazi. Kikohozi cha mtoto nacho kilianza miaka miwili iliyopita.

Si kila tundu litaonekana kwa mwanga. Pale bati mbili zinapopandana, maji hupanda kwa kuvutwa katikati yake bila mwanga wowote kupita. Hapo kuna njia ya mpira wa maji. Mtu mmoja anakuwa juu, mwingine darini na tochi. Anayemwaga anaanza chini kabisa ya paa, anakaa sehemu moja dakika kadhaa, ndipo anapanda kidogo. Ukianzia juu, maji yatateremka na kupita kila mahali, na hutajua yaliingilia wapi. Ni kazi ya saa mbili na inachosha, lakini ni rahisi kuliko kupaka lami paa zima kwa kubahatisha.

Kabla ya hayo yote, zima meni swichi. Dari lililolowa lina nyaya za umeme ndani yake. Na angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani, kwani kwenye nyumba nyingi za zamani unapita karibu kabisa na ncha ya paa. Kama hauko umbali wa kutosha, kazi hiyo isubiri fundi umeme.

Juu ya bati

Bati huzeeka kwa kuanzia kwenye misumari. Jua la Dar es Salaam linalipasha moto mchana, usiku linapoa, na kila siku linatanuka na kunywea. Baada ya miaka, msumari unajitoa kidogo kidogo, na mpira uliokuwa chini ya kichwa chake unapasuka au unaliwa na jua. Kwa sisi wa pwani kuna na chumvi ya hewani, inayoleta kutu mapema. Kwenye bati la kawaida la mawimbi, msumari unatakiwa uwe juu ya mgongo, si kwenye bonde maji yanakopita. Kila paa la zamani nililowahi kupanda (sasa ni mawili) lina fundi aliyesahau hilo mahali fulani.

Msumari uliolegea usiupige nyundo ukaridhika. Mbao imeshapanuka, na miezi michache utatoka tena. Ung'oe, uweke skrubu nene yenye washa ya mpira kwenye tundu hilohilo, ikaze mpaka mpira uguse vizuri, lakini usiubane mpaka utoke pembeni.

Matundu madogo kama yale manne ya dishi huzibwa, ila maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Bati lisuguliwe kwa brashi ya waya au msasa mpaka kutu na vumbi vitoke, lifutwe, likauke kabisa. Silikoni iliyopakwa juu ya vumbi hubanduka kama ngozi ya kidonda. Tundu kubwa kuliko sarafu halizibwi kwa silikoni peke yake. Huwekewa kiraka cha bati ambacho ukingo wake wa juu umeingizwa chini ya bati la juu yake, ili maji yakiteremka yapite juu ya kiraka, yasiingie chini yake. Sehemu iliyoliwa na kutu mpaka inabonyea kwa kidole haina kiraka. Nunueni bati jipya.

Dukani, silikoni si moja. Ile yenye harufu kali kama siki inafaa kwenye vioo na vigae, lakini asidi yake inaweza kula bati la mabati na kuongeza kutu palepale ulipoziba. Muulize muuzaji ile isiyo na harufu ya siki, inayofaa kwa chuma na paa. Na kumbuka, rangi haishiki juu ya silikoni nyingi, kwa hiyo usipange kuifunika.

Kofia ya paa, pale pande mbili zinapokutana juu, na mfereji wa bati pale mapaa mawili yanapokutana kwa chini, ni sehemu za kuangaliwa kwa makini kuliko nyingine. Kwenye mfereji huo majani ya mwembe au mwarobaini hujazana, maji yanapanda pembeni na kuingia ndani hata kama bati ni zima. Gata ni vivyo hivyo. Tena gata lililoziba ni mazalia ya mbu wa mchana anayeeneza dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kulisafisha kabla ya mvua ni kazi moja yenye faida mbili.

Kuna paa moja ambalo nasema wazi msiliguse: yale mabamba ya kijivu, mazito, kama ya saruji, yaliyopo kwenye baadhi ya majengo na nyumba za watumishi za zamani. Mengi yana asbesto. Yakiwa mazima na hayajaguswa hatari ni ndogo, lakini yakitobolewa, yakikatwa, yakivunjwa au kusuguliwa kwa brashi ya waya hutoa nyuzi ndogo zinazoingia kwenye mapafu. WHO inasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Vipande vyake visifanywe meza ya watoto kuchezea wala kibanda cha kuku. Hilo ni suala la kupelekwa kwa ofisa afya wa eneo lako.

Na nani apande? Si mama mwenye mimba, si babu, na si kijana wa nyumbani peke yake kwa sababu ni mwepesi. Bati lililolowa linateleza kuliko sakafu yenye sabuni. Anayepanda akanyage kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi, na awepo mtu wa kushika ngazi. Nimeandika habari za wodi ya mifupa. Kuanguka kutoka urefu wa nyumba ya kawaida kunatosha kuvunja uti wa mgongo.

Dirishani

Baada ya paa kuzibwa, tuliamini kazi imeisha. Mvua moja ya mwisho wa masika, iliyokuja na upepo wa kusi, ikatuonyesha kwamba ukuta wa chini ya dirisha bado unalowa. Dari kavu, ukuta umelowa.

Dirisha la chumba cha watoto ni la aluminiamu, lile la kusukuma pembeni. Ukiangalia kwenye reli yake ya chini, upande wa nje, utaona vitundu vidogo au mipasuo miwili mitatu. Hivyo si kasoro. Maji ya mvua yanayopenya kwenye reli yanatakiwa yatokee hapo, yarudi nje. Shemeji, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameviziba kwa silikoni ili sisimizi wasipite. Maji yakawa yanajaa kwenye reli kama mtaro ulioziba, yanamwagikia ndani na kuteremka ukutani nyuma ya kitanda.

Vizibueni kwa waya au njiti, mwage kikombe cha maji kwenye reli na kuangalia kama yanatokea nje. Kwenye nyumba nyingi vitundu hivyo vimezibwa na vumbi na mabaki ya lipu tangu siku dirisha lilipofungwa.

Silikoni mahali pake ni kwingine: pale fremu inapokutana na ukuta, upande wa nje, juu na pembeni. Ya zamani iliyokauka ikatwe kwa kisu na itolewe yote kwanza. Kizingiti cha chini cha dirisha kiteremke kuelekea nje. Kama kimelala sawasawa au kimeinamia ndani, hakuna silikoni itakayosaidia, ni kazi ya fundi mwashi na nusu ndoo ya saruji. Madirisha ya mbao na yale ya vioo vya luva yana shida yake: mbao imenywea, puti ya kioo imekauka na kudondoka, luva hazifungi. Nyufa za lipu juu ya dirisha, hasa zile zinazoanzia kwenye kona na kupanda kimshazari, nazo huingiza maji. Zichongwe na kujazwa, zisipakwe rangi juu tu.

Siku ya kutumia silikoni, lami au rangi, watoto wasilale chumba hicho, na madirisha yawe wazi mpaka harufu iishe. Harufu hizo zenyewe huchokoza pumu. Tulimpeleka wetu kwa bibi yake siku tatu, akarudi ameongezeka uzito.

Ukungu uliobaki

Maji yakishazuiwa, ndipo unasafisha. Ukianza kusafisha kabla, utafanya kazi ileile kila mwezi.

Sehemu ndogo, isiyozidi kama mita moja ya mraba, unaweza kuisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni kwenye ukuta wa lipu, vigae, kioo au chuma. Vaa glavu na barakoa, funga mlango wa chumba, fungua dirisha, na mtoto mwenye pumu asiwepo nyumbani kabisa. Usikwangue ukungu mkavu, utaurusha hewani. Ulowanishe kwanza. Ukitumia jiki, isizidi kikombe kimoja cha robo lita kwenye lita nne za maji, na usichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo wala kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu. Halafu kausha. Feni ikiwepo iwashwe, kitanda na kabati visogezwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma.

Silingi bodi na jipsam iliyoota ukungu haisafishiki, kwa sababu umeingia ndani yake. Ikatwe na itupwe. Ikiwa imevimba katikati kama tumbo, ina maji. Zimeni umeme, toeni watoto, itobolewe kwa msumari mrefu juu ya ndoo kabla haijaanguka yenyewe usiku. Godoro lililolowa mpaka ndani likanuka uvundo, najua bei yake, lakini jua la siku moja halilitoi ukungu wake. Dada alilia kidogo kwa lile la mtoto. Lilikuwa la mwaka mmoja.

Kama hakuna mvua na ukuta bado unalowa, mnatafuta kitu kingine. Unyevu unaopanda kutoka chini ya ukuta kama mstari wa mawimbi, wenye chumvi nyeupe, unatoka ardhini. Matone kwenye dari alfajiri, chumba kikiwa kimefungwa na watu watano wamelala humo, ni pumzi yao na mvuke wa jikoni. Huo dawa yake ni hewa: dirisha lenye wavu liachwe wazi, nguo zisianikwe ndani, chungu kifunikwe.

Nyumba ikiwa ya kupanga

Nyumba ya dada si yake. Kodi hulipwa miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba anaishi mkoani. Kwa muda mrefu waliogopa kulalamika, wasije wakaambiwa nyumba inatakiwa na mtoto wa mwenye nyumba.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 (Sura ya 113) ina masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye mkataba wa upangaji hata kama hayakuandikwa, isipokuwa mkataba useme vingine. Moja ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu, mwanzo na muda wote wa upangaji. Jingine ni kwamba pale unapopanga sehemu tu ya jengo, paa na kuta za nje ni jukumu la mwenye nyumba. Someni mkataba wenu. Wengi hatuna hata huo wa kusoma.

Kilichomsaidia dada si kumtajia mwenye nyumba sheria. Alimtumia picha: dari, ukuta, ukungu, na cheti cha mtoto cha kliniki, kisha makadirio ya fundi ya vifaa na ufundi, yenye bei ya kila kitu. Akamwandikia kwa heshima, "Shikamoo mzee, naomba tukubaliane nitengeneze kabla ya vuli, nikate kwenye kodi inayofuata." Mzee alijibu baada ya siku mbili, akapunguza makadirio kidogo kama ilivyo kawaida ya wazee wenye nyumba, akakubali. Dada alitunza meseji hiyo na risiti zote. Fanyeni hivyo pia, maneno ya simu husahaulika siku ya kulipa kodi.

Wakati wa kuacha bati na kukimbilia hospitali

Kuziba paa hakutibu shambulio la pumu wala nimonia. Mtoto chini ya miaka mitano anayekohoa au kupumua kwa shida, mhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi ni haraka kupita kawaida. Wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, 40 au zaidi. Mpeleke kituo cha afya. Kama kifua kinabonyea kwa ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea kupita kawaida, amepata degedege au midomo imebadilika rangi, nenda sasa hivi, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Mwenye pumu ambaye pampu yake haimpi nafuu naye asisubiri asubuhi.

Na mtoto aliyepewa dawa ya kuvuta kila siku, asiachishwe kwa sababu mmeziba paa. Hilo ni la daktari kuamua.

Wetu bado ana pumu. Mwezi wa nane alikohoa usiku mmoja baada ya jirani kuchoma takataka. Lakini amerudi kwenye chumba chake, kitanda kiko upande wa pili, na ndoo nyekundu sasa inabebea maji ya kumwagilia mchicha. Kipande kipya cha silingi bodi hakijapakwa rangi. Dada amekataa. Anataka vuli ipite kwanza juu yake kikiwa cheupe hivyohivyo, aone kama kuna doa litakalotokea, na amemwambia shemeji aache tochi karibu na mlango wa dari.